Bustani za wanyama: Ghala la akiba kwa viumbe vilivyo hatarini kuangamia

KWA watu wengi, bustani ya wanyama ni mahali pa kuwapeleka watoto siku za likizo ili wamwone simba au twiga pasi na hofu wala gharama ya safari ndefu ya mbugani.

Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja sasa, baadhi ya bustani hizo zimekuwa zikitekeleza jukumu jingine ambalo mgeni anayelipa kiingilio langoni huenda asilitambue. Jukumu hilo ni kuwatunza wanyama waliopungua au kwisha kabisa kwao porini, kuwazalisha kwa mpango maalumu na, inapowezekana, kuwarudisha walikotoka.

Choroa weupe wa jangwa la Oman, vyura wadogo wa korongo la Kihansi nchini Tanzania, vifaru weupe wa kaskazini wanaotunzwa Laikipia na bongo wanaorejeshwa katika misitu ya Mlima Kenya ni miongoni mwa wanyama ambao hadithi ya kuponea kwao chupuchupu haiwezi kusimuliwa bila kutaja bustani za wanyama.

Hadithi hizo pia zafichua udhaifu wa mbinu hii. Mnyama aweza kuokolewa kizimbani ng'ambo ilhali msitu wake nyumbani wazidi kufyekwa. Ndipo swali linapozuka: bustani za wanyama husaidia vipi kuhifadhi wanyamapori na makao yao, na msaada huo hukomea wapi?

Kutoka fahari ya wafalme hadi uhifadhi

Desturi ya kufuga wanyama wa mwitu kwa ajili ya kutazamwa ni kongwe. Wafalme wa zama za kale waliwafuga simba na chui kuonyesha ukubwa wa mamlaka yao. Bustani kongwe zaidi duniani ambayo ingali wazi hadi leo ni ile ya Schönbrunn, jijini Vienna, Austria, iliyoanzishwa mwaka wa 1752 katika kasri la mfalme.

Mwaka wa 1828, bustani ya London ilifunguliwa kwa ajili ya wanasayansi waliotaka kuwachunguza wanyama kwa karibu. Raia wa kawaida waliruhusiwa kuingia miaka kadhaa baadaye. Katika kipindi hicho chote, wanyama walichukuliwa porini kiholela, na aliyekufa nafasi yake ilijazwa kwa kukamata mwingine.

Mabadiliko yalianza kuonekana mwanzoni mwa karne ya 20. Nchini Marekani, nyati wa nyika za huko, ambao awali walikuwa mamilioni, walikuwa wameuawa kwa bunduki hadi wakabakia mamia machache tu. Mnamo 1907, bustani ya Bronx iliyoko New York iliwasafirisha nyati 15 kwa gari la moshi hadi hifadhi ya Wichita, jimbo la Oklahoma, ili waanzishe kundi jipya. Huo ulikuwa mmoja wa mifano ya kwanza ya bustani kurudisha wanyama nyikani.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wakuu wa bustani waliimarisha ushirikiano wa kimataifa ambao leo unafahamika kama Shirika la Bustani za Wanyama na Hifadhi za Samaki Duniani (WAZA). Mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini (CITES), ulioanza kutekelezwa mwaka wa 1975, nao ulibana mno njia za kukamata wanyama porini. Bustani zikalazimika kujitegemea kwa wanyama waliozaliwa humo humo.

Daftari la ukoo

Kumzalisha mnyama kizimbani si jambo la kuwaweka dume na jike pamoja kisha kusubiri. Kundi likiwa dogo, haichukui muda mrefu kabla ya ndugu wa damu moja kuanza kuzaana. Watoto wa uzao huo huwa dhaifu, hufa wakiwa wachanga au hukosa uwezo wa kuzaa.

Kuepuka hatari hiyo, bustani hutumia daftari la ukoo. Humo huandikwa jina au nambari ya kila mnyama wa aina fulani, wazazi wake, tarehe aliyozaliwa, mahali alipo na siku aliyokufa. Mratibu wa daftari hilo ndiye hupendekeza ni dume yupi apelekwe kwa jike yupi, hata kama mmoja yuko Ujerumani na mwenzake yuko Uhispania.

Marekani ilianza mpango wake wa pamoja wa kuzalisha wanyama walio hatarini mwaka wa 1981, na Ulaya ikafuata 1985. Lengo ambalo wataalamu wamekuwa wakilitumia kwa miaka mingi ni kwamba kundi lililo kizimbani lidumishe asilimia 90 ya aina mbalimbali za jeni zake kwa muda wa miaka 100.

Chini ya utaratibu huu, mnyama hachukuliwi kuwa mali ya kuuzwa kwa faida. Bustani nyingi huazimana au kupeana wanyama bila malipo mradi wakubaliane kuhusu uzao.

Kuna pia akiba ya aina nyingine. Bustani ya San Diego, jimbo la California, imekuwa ikihifadhi chembe hai za wanyama katika baridi kali tangu miaka ya sabini. Manii, mayai na vipande vya ngozi vya mnyama aliyekufa zamani vyaweza kutumiwa na watafiti miongo kadhaa baadaye. Uamuzi huo wa mapema ndio leo unaotoa matumaini madogo kwa kifaru mweupe wa kaskazini, kama itakavyoelezwa.

Choroa waliopitia Isiolo

Mfano unaotajwa mara nyingi zaidi ni wa choroa wa Uarabuni, paa mweupe mwenye pembe ndefu zilizonyooka. Kuenea kwa magari na bunduki za kisasa jangwani kulimfanya windo jepesi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya sitini wataalamu waling'amua kuwa angetoweka.

Mwaka wa 1962, msafara wa kuwakamata choroa waliosalia ulielekea eneo la Aden, katika nchi inayoitwa Yemen leo. Kiongozi wake alikuwa Meja Ian Grimwood, aliyekuwa msimamizi mkuu wa wanyamapori nchini Kenya. Choroa watatu waliofika salama walipelekwa kwanza Isiolo kabla ya kusafirishwa hadi bustani ya Phoenix, Arizona, mwaka wa 1963. Mji huo ulichaguliwa kwa kuwa una joto na ukavu unaokaribia ule wa Uarabuni.

Waliongezewa choroa mmoja kutoka bustani ya London, mmoja kutoka Kuwait na wanne waliotolewa na mfalme wa Saudi Arabia. Hivyo, kundi lililobeba tumaini la dunia lilikuwa na wanyama tisa tu.

Choroa wa mwisho porini aliuawa nchini Oman mwaka wa 1972. Miaka minane baadaye, wazao wa lile kundi la Phoenix walianza kurejeshwa Oman kwa agizo la Sultan Qaboos, na mnamo 1982 wa kwanza wakaachiliwa jangwani. Watu wa kabila la Harasis, wanaolijua jangwa hilo kama viganja vya mikono yao, waliajiriwa kuwa walinzi.

Idadi yao ilipanda hadi takriban 450 kufikia 1996. Ndipo wawindaji haramu wakarudi, safari hii wakitaka kuwakamata choroa wangali hai ili wawauzie matajiri wanaofuga wanyama nyumbani. Kufikia 2007 walikuwa wamesalia 65 pekee. Mwaka huo, baada ya serikali kupunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, shirika la Unesco lililiondoa katika orodha ya Turathi za Dunia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa eneo lolote kufutwa katika orodha hiyo.

Juhudi za nchi nyingine za Uarabuni ziliendelea, na mnamo 2011 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia (IUCN) ulimpandisha choroa huyo daraja kwa kuwa idadi ya walio porini ilikuwa imefika karibu 1,000. Hakuna mnyama mwingine aliyekuwa amewahi kutangazwa kwisha porini kisha akapata nafuu ya kiasi hicho.

Somo la Oman ni kwamba bustani yaweza kumrudisha mnyama, ila haiwezi kumlinda baada ya hapo. Kazi hiyo ni ya serikali na jamii zinazoishi naye.

Vyura wa Kihansi

Karibu zaidi na nyumbani ni kisa cha chura wa Kihansi. Kiumbe huyu asiyezidi urefu wa sentimita tatu aligunduliwa na wanasayansi mwaka wa 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, nchini Tanzania. Badala ya kutaga mayai kama vyura wengi wafanyavyo, yeye huzaa watoto.

Makao yake yote duniani yalikuwa eneo la hekta chache kando ya maporomoko, ambapo rasharasha za maji yaangukayo ziliilowesha mimea usiku na mchana. Mto huo huo ndio uliokuwa umechaguliwa kuzalisha umeme wa megawati 180, nishati ambayo Tanzania iliihitaji mno.

Mradi ulipoanza kazi mwaka wa 2000, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo. Rasharasha zikakatika na mimea ikaanza kukauka. Mwaka huo huo, kwa makubaliano na serikali ya Tanzania, vyura 499 walichukuliwa hadi bustani ya Bronx, kisha wengine wakagawiwa bustani nyingine za Marekani.

Serikali iliweka mabomba ya kunyunyiza maji korongoni, na kwa muda ikaonekana kana kwamba mambo yatatengemaa. Lakini mwaka wa 2003 idadi ya vyura iliporomoka ghafla. Ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura, ambao umeua aina nyingi duniani, ulipatikana miongoni mwao. Kufikia Januari 2004 walioonekana walikuwa watatu tu, na mwaka wa 2009 IUCN ilitangaza kuwa chura huyo amekwisha porini.

Hata ughaibuni hali haikuwa shwari. Vyura waliugua na kufa kwa wingi hadi wakabaki chini ya 100. Watunzaji wa Bronx na wa bustani ya Toledo, jimbo la Ohio, walilazimika kujifunza upya kila kitu: aina ya mwanga, unyevu wa hewa, ukubwa wa wadudu wa kulishwa. Polepole idadi ikapanda tena hadi maelfu.

Agosti 2010, vyura 100 walisafirishwa kwa ndege hadi Dar es Salaam na kuwekwa katika maabara maalumu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwishoni mwa 2012, takriban 2,000 walirejeshwa korongoni. Walikuwa miongoni mwa vyura wa kwanza duniani kurudishwa porini baada ya kutangazwa wamekwisha huko.

Kisa hiki kina funzo kuhusu gharama. Maji ya mto yaliyokuwa yakifanya kazi hiyo bure sasa yanasaidiwa na mabomba yanayohitaji kukaguliwa na kukarabatiwa kila mara. Ukilinda makao mapema, unaepuka matumizi ambayo hayana kikomo.

Vifaru wawili wa mwisho

Desemba 2009, vifaru wanne weupe wa kaskazini waliwasili katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, kutoka bustani ya Dvůr Králové iliyoko Jamhuri ya Cheki. Hao walikuwa Sudan, Suni, Najin na Fatu. Bustani hiyo ndiyo pekee duniani iliyowahi kufanikiwa kuwazalisha vifaru hao kizimbani, na Fatu, aliyezaliwa mwaka wa 2000, ndiye mtoto wa mwisho kuzaliwa humo.

Waliowaleta walitumaini kuwa nyasi, jua na nafasi pana vingeamsha hamu ya kuzaana. Haikuwa hivyo. Suni alikufa Oktoba 2014, na Sudan, dume wa mwisho, akafa Machi 19, 2018 akiwa na umri wa miaka 45. Leo wamesalia Najin na bintiye Fatu, na hakuna hata mmoja kati yao awezaye kubeba mimba.

Kwa sababu hiyo wanasayansi waligeukia akiba iliyogandishwa. Tangu Agosti 2019, mayai yamekuwa yakitolewa kwa Fatu, na awali kwa Najin pia, kisha kupelekwa maabara nchini Italia yanakotungishwa kwa manii ya madume waliokufa. Zaidi ya viinitete 30 vimepatikana kwa njia hiyo.

Kwa kuwa jike wa kubeba mimba atakuwa kifaru mweupe wa kusini, wataalamu walianza kwa jaribio la kiinitete cha kusini. Septemba 2023, walikipandikiza kwa jike mmoja hapo Ol Pejeta na mimba ikashika. Jike huyo alikufa miezi miwili baadaye kutokana na bakteria walioibuliwa na mvua kubwa, lakini mimba ya siku 70 iliyokutwa tumboni ilithibitisha kuwa njia hiyo inawezekana.

Iwapo jaribio litafaulu kwa kiinitete cha kaskazini, ndama atahitaji kuishi na Najin na Fatu ili ajifunze mwenendo wa jamii yake, jambo ambalo maabara haiwezi kumfundisha. Najin alizaliwa mwaka wa 1989, kwa hivyo wakati si rafiki wa watafiti hao.

Bongo warudi milimani

Kwa Wakenya, mtihani mkubwa zaidi ni ule wa bongo wa milimani, swara mkubwa mwenye rangi ya hudhurungi na mistari myeupe, ambaye duniani kote hupatikana porini nchini Kenya pekee. Makao yake ni misitu ya Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu.

Uwindaji kwa mbwa na mitego ya nyaya, ukataji wa miti na maradhi yatokanayo na mifugo vimempunguza hadi akabaki chini ya 100 msituni. Walio katika bustani za Marekani na Ulaya ni wengi mara kadhaa kuliko walio kwao. Wengi ni wazao wa bongo waliokamatwa Aberdare miaka ya sitini na sabini na kuuzwa ng'ambo, biashara ambayo wakati huo haikuonekana kuwa ya uhifadhi.

Januari 2004, bongo 18 kutoka bustani mbalimbali za Marekani waliletwa katika hifadhi ya Mount Kenya Wildlife Conservancy, Nanyuki. Hao hawakukusudiwa kuachiliwa moja kwa moja. Mnyama aliyezaliwa ughaibuni hana kinga dhidi ya magonjwa yaenezwayo na kupe, hamjui chui wala fisi, na amezoea kulishwa na binadamu. Mpango ulikuwa kwamba wazao wao ndio wataizoea hali ya msituni.

Ilichukua miaka 18 kwa hatua iliyofuata kutimia. Machi 2022, bongo wa kwanza watano waliachiliwa katika eneo la Mawingu, lenye ukubwa wa ekari 776 zilizozungushiwa ua ndani ya msitu wa Mlima Kenya. Februari 2025, bongo wengine 17 waliwasili kwa ndege kutoka kituo cha kuzalisha wanyama adimu huko Florida na kupelekwa Meru.

Sambamba na hayo, baadhi ya bustani hugharimia kazi ya msituni. Bustani ya Chester, Uingereza, imesaidia uchunguzi wa bongo kwa kamera zinazofichwa mitini, ili ijulikane waliosalia wako wapi na wangapi. Wanaopita vichakani kukagua nyayo na kamera hizo ni watu wa vijiji vinavyopakana na msitu, baadhi yao wawindaji wa zamani.

Fedha za viingilio na ulinzi wa makao

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 ulikadiria kuwa bustani za wanyama na za samaki kote duniani hupokea wageni zaidi ya milioni 700 kwa mwaka, na kwamba hutumia takriban dola milioni 350 kila mwaka kwa miradi ya uhifadhi porini. Ukigawanya, hiyo ni nusu dola kwa kila mgeni. Wanaozisifu bustani huiona kuwa fedha nyingi, na wanaozikosoa huiona kuwa kidogo.

Afrika Mashariki imenufaika na fedha hizo kwa miaka mingi. Profesa Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya Frankfurt, Ujerumani, ndiye aliyekuja Serengeti na mwanawe Michael miaka ya hamsini kuhesabu wanyama kwa ndege ndogo na kufuatilia njia wanazohamia. Michael aliuawa Januari 1959 ndege hiyo ilipoanguka. Filamu yao kuhusu Serengeti ilishinda tuzo ya Oscar na kuiamsha dunia. Shirika lililotokana na bustani hiyo lingali linafanya kazi Serengeti hadi leo.

Shirika la bustani ya Bronx nalo ndilo lililomfadhili mtafiti George Schaller kuwachunguza sokwe wa milima ya Virunga mwaka wa 1959, na baadaye simba wa Serengeti. Mengi yanayofahamika leo kuhusu tabia za wanyama hao yana msingi katika kazi hiyo.

Kaskazini mwa Kenya, bustani ya San Diego hushirikiana na jamii za wafugaji katika mpango uitwao Twiga Walinzi, ulioanza 2016. Vijana wa Kisamburu na wenzao huwatambua twiga mmoja mmoja kwa madoa yao na kuondoa mitego. Bustani ya Saint Louis, Marekani, imekuwa mfadhili wa kazi ya kumlinda punda milia wa Grevy, ambaye idadi kubwa ya waliosalia duniani iko Kenya.

Katika miradi ya aina hii hakuna mnyama anayesafirishwa. Kinachosafiri ni fedha na ujuzi: jinsi ya kumlaza kifaru kwa dawa bila kumuua, kupima mimba ya mnyama wa mwitu, au kumlea ndama yatima kwa maziwa yanayomfaa. Ujuzi huo mara nyingi hupatikana kizimbani kwanza, kwa sababu porini si rahisi kumkaribia mnyama kila siku.

Eneo lenyewe lina vituo vyake. Kituo cha wanyama yatima cha Nairobi, kinachosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Nchini (KWS), kimekuwapo tangu miaka ya sitini. Bustani ya Entebbe, Uganda, iliyoanza 1952, iligeuzwa mwaka wa 1994 kuwa kituo cha elimu ya uhifadhi. Kwa maelfu ya watoto wa shule ambao wazazi wao hawamudu safari ya mbugani, hapo ndipo humwona simba kwa mara ya kwanza nje ya kurasa za kitabu.

Lawama zisizopuuzika

Pamoja na hayo yote, bustani za wanyama zina wapinzani wengi, na hoja zao ni nzito.

Kwanza ni hali ya maisha ya wanyama wenyewe. Mwaka wa 2008, jarida la Science lilichapisha utafiti uliolinganisha ndovu wa kike wa Afrika waliozaliwa katika bustani za Ulaya na wale wa Amboseli. Umri wa wastani wa walio kizimbani ulikuwa miaka 16.9, ilhali wa Amboseli waliokufa vifo vya kawaida, bila kuuawa na binadamu, walifika miaka 56. Tangu hapo bustani kadhaa zimeacha kufuga ndovu au zimewapanulia nafasi, lakini swali lingalipo.

Pili ni mantiki ya mpango wa uzao. Februari 2014, bustani ya Copenhagen, Denmark, ilimuua twiga mchanga mwenye afya njema aliyeitwa Marius kwa sababu ndugu zake tayari walikuwa wengi katika daftari la ukoo, na mzoga wake ukalishwa simba mbele ya umma. Wasimamizi walisema kanuni za jeni ziliwalazimu. Watu wengi duniani hawakukubali.

Tatu ni uchaguzi wa wanyama. Sehemu kubwa ya nafasi hupewa wale wanaovutia wageni, kama simba na twiga, huku vyura, konokono na ndege wadogo walio hatarini zaidi wakikosa mahali. Aidha, wanyama wengi walio kizimbani hawatawahi kurudishwa porini.

Nne ni biashara inayojificha nyuma ya jina la uhifadhi. Wakenya wanaikumbuka Novemba 2005, serikali ilipotia saini mkataba wa kuipa Thailand zaidi ya wanyama 100 wa porini kwa ajili ya bustani ya maonyesho ya usiku mjini Chiang Mai. Mashirika ya uhifadhi na viongozi wa jamii walipinga, wakaenda mahakamani, na mpango ukasimamishwa. Hoja yao ilikuwa wazi: wanyama hao hawakuwa hatarini nyumbani, kwa hivyo kuwapeleka ng'ambo hakukuwa kuwaokoa.

Jinsi ya kupambanua

Kutokana na visa hivi, yapo maswali machache yanayoweza kumsaidia mwananchi kupambanua bustani inayohifadhi na ile inayofanya maonyesho tu.

Je, wanyama wake walizaliwa kizimbani au walinyakuliwa porini? Je, imo katika mpango wa pamoja wa uzao, au huzalisha watoto kwa sababu watoto huvutia wageni? Je, sehemu gani ya mapato yake hufika msituni, kwa walinzi na kwa jamii jirani? Na je, anaporudishwa mnyama, kile kilichomwangamiza hapo awali kimekwisha kuondolewa?

Swali hilo la mwisho ndilo lililotiliwa mkazo katika mwongozo wa IUCN wa mwaka wa 2013 kuhusu kurejesha wanyama porini. Kumwachilia bongo katika msitu ambao mitego haijateguliwa ni sawa na kumpelekea mwindaji kitoweo.

Bustani ya wanyama inafanana na ghala la mbegu. Mkulima mwenye busara huweka akiba ya mbegu kwa kuwa hajui mvua za mwaka ujao zitakuwaje. Hata hivyo, mbegu hizo hazimfai kitu ikiwa shamba limeuzwa au udongo wake umesombwa na mafuriko.

Kwa sasa akiba ya bongo ipo, nchini na ng'ambo. Uamuzi wa iwapo watakuwa na pa kurudi hautatolewa Florida wala Chester. Utategemea hatima ya misitu ya Aberdare, Mau, Eburu na Mlima Kenya, misitu ambayo pia ndiyo chemchemi ya maji yanayotumiwa na mamilioni ya Wakenya mashambani na mijini.